Deni la Mwanahistoria

Msomaji wangu, viko vitabu ambavyo mtu huvisoma kama mpita njia, na viko vingine ambavyo huvisoma kama mtu aliyeitwa barazani kusikiliza shauri la nyumba yake mwenyewe. Kitabu ninachotaka kukipima mbele yako leo, kwangu mimi ni cha namna ya pili. Chahusu milima ya Taita, ambako nilizaliwa na ambako sasa nafundisha. Mwandishi wake ni Bill Bravman, mwanachuoni wa historia kutoka Marekani, nacho kilipigwa chapa mwaka wa 1998 kwa jina la Making Ethnic Ways. Kwa tafsiri ya karibu, Kuunda Desturi za Kabila. Habari zake zaanza mwaka wa 1800 na kukoma mwaka wa 1950.

Sikusudii kukusimulia kitabu kizima, wala kukushurutisha ukipende au ukichukie. Nakusudia kukuonyesha jinsi kitabu cha aina hii kinavyopimwa, ili siku moja uweze kuvipima vingine bila ya mimi.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya aina yenyewe. Zamani wengi walidhani kuwa historia ni habari za wafalme, vita na mikataba. Vyuo vikuu vina tawi jingine, nalo ni historia ya uchumi na ya maisha ya jamii. Tawi hili huuliza maswali ya shambani na ya jikoni. Watu walilima nini, na katika ardhi ya nani? Njaa ilipoingia, nani alimpa nani chakula, na kwa malipo gani? Kijana alipata wapi mifugo ya mahari, na mzee alimtawala kijana kwa nguvu ipi? Maswali haya huonekana madogo, lakini majibu yake ni adimu katika barua za magavana. Mengi yamo vinywani mwa wazee. Kwa hiyo mwanahistoria wa namna hii ni mkopaji tangu siku ya kwanza ya kazi yake. Hukopa maneno ya watu. Na mkopaji yeyote hupimwa kwa mambo matatu: je, alikopa kwa adabu? Je, alikitumia vema alichokopa? Na je, alilipa? Hiyo ndiyo mizani yangu.

Ili uone kazi iliyomkabili mwandishi, panda nami mpaka Chawia. Chawia iko upande wa kusini wa milima ya Dawida, juu ya Mwatate. Kileleni pamesalia kipande cha msitu, ambacho ukungu hukilowesha hata katika siku ambazo chini hapana tone la mvua. Ukitazama mteremkoni waona mahindi, maharagwe, migomba na miwa iliyoshikizwa ubavuni mwa mlima. Na chini kabisa ni tambarare kavu, vichaka na safu za mkonge. Wazee wetu waliielewa tofauti hiyo ya juu na chini kuliko mtaalamu yeyote. Jamaa moja ilijitahidi kuwa na kipande cha shamba penye unyevu na kingine mbali mteremkoni, ili jua likiunguza cha chini, cha juu kiwaokoe watoto. Hiyo ndiyo iliyokuwa akiba yao.

Katika mpango huo, watu wenye maana kwa mtu walikuwa ndugu wa kichuku chake, yaani ukoo wake, na majirani wa mgongo ule ule wa mlima. Palikuwa na mahali patakatifu, paitwapo fighi, palipoaminiwa kuulinda mtaa na hatari; na mafuvu ya wazee waliokufa yaliwekwa kwa heshima chini ya miamba. Mtu akiulizwa yeye ni nani, alitaja ukoo wake na mlima wake. Jina la Taita lilikuwa zaidi midomoni mwa watu wa nje. Wageni kama mmisionari Johannes Rebmann, aliyepita nchi hii mwaka wa 1848 akielekea Uchaga, waliandika Teita kwa jumla, kana kwamba waliokaa humo walikuwa wamekwisha kubaliana juu ya jina hilo.

Hapo ndipo penye dai kuu la kitabu. Bravman asema kwamba katika karne ya 19 watu wa milima hii hawakuwa bado jamii moja iliyojijua kwa jina moja. Utaita, kama tunavyoufahamu, uliundwa polepole, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika chini ya utawala wa Waingereza. Tena, asema, haukuundwa kwa maneno matamu. Wazee walishindana na vijana, wanaume walishindana na wanawake, Wakristo walishindana na walioshika dini ya kale. Kila upande ulidai kuwa ndio uijuao njia halali ya kuishi. Katika mabishano hayo, kauli ya "desturi zetu Wataita" ilipata uzito ambao haikuwa nao zamani.

Mambo yaliyousukuma mwendo huo waweza kuyataja mwenyewe ukikumbuka masomo yako. Mwaka wa 1883 misheni ya Kiprotestanti ilifika Sagalla, na mwaka wa 1892 Wakatoliki wakafika Bura. Katikati ya miaka hiyo njaa kali iliwatawanya watu. Mwaka wa 1898 reli kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha pita Voi. Ikaja kodi ya nyumba, yakaja mashamba ya mkonge, na vijana wakashuka kutafuta fedha. Kijana wa Chawia na kijana wa Mbololo, ambao babu zao hawakuwa na shughuli moja, walikutana kwa mwajiri mmoja, naye akawaita wote kwa jina moja. Mwishoni mwa miaka ya 1930 malalamiko juu ya ardhi yaliwakusanya watu wa milima mbalimbali katika chama cha Taita Hills Association. Serikali ilikipiga marufuku chama hicho mwaka wa 1940, pamoja na KCA ya Wakikuyu na chama cha Wakamba, na kiongozi wake Woresha Mengo akatiwa kizuizini. Jina ambalo wageni walilitumia kwa kuhesabu watu, sasa wenyewe walilitumia kwa kudai haki.

Hata lugha zatoa ushahidi wake. Wataalamu wa lugha wasema kuwa Kisaghala kina undugu wa karibu na lugha za Wamijikenda, na kwamba Kidawida kimeelekea upande wa Kichaga. Walakini Msaghala na Mdawida wakikutana Nairobi leo, huitana ndugu, nao ni Wataita wote wawili.

Nilipolieleza dai hili darasani mara ya kwanza, mwanafunzi mmoja wa kike alisimama akaniuliza, "Mwalimu, basi huyu asema sisi si kabila?" Darasa zima lilinyamaza. Naliona machoni mwao kwamba swali hilo halikuwa la mtihani. Ni swali la mtu aliyeambiwa kwamba nyumba anayolala haina msingi.

Nami nakujibu wewe kama nilivyomjibu yeye. Kitu kilichoundwa si lazima kiwe cha uongo. Kiswahili hiki unachokisoma kilisanifiwa kwa kazi ya kamati iliyoanza mwaka wa 1930. Nani atasema kwamba ni lugha ya uongo? Mtaro wa shamba umechimbwa kwa mikono, na kwa sababu hiyo hiyo huzuia udongo usichukuliwe na maji. Kumwambia mtu kuwa jina lake liliundwa ni kumwambia kuwa babu zake walifanya kazi. Kabila lililoanguka kutoka mbinguni halimshukuru mtu. Kabila lililoundwa lina watu wa kushukuriwa, na pengine wa kulaumiwa pia.

Lakini usifikiri kwamba hatari imekwisha. Nchi yetu ina migogoro mingi ya ardhi, na maneno ya kitabu huweza kuokotwa na mtu asiyekisoma. Aweza kuja mjanja akasema, "Kama ninyi mlianza kuwa kitu kimoja juzi juzi tu, mwadai ardhi hii kwa haki gani?" Msomaji, jifunze kumjibu mtu huyo kwa kitabu hicho hicho. Haki ya ardhi katika milima hii haikuanza na jina la kabila. Ilikuwa ya kichuku na ya mtaa, mgongo kwa mgongo, shamba kwa shamba, kabla ya jina la pamoja kupata nguvu. Anayeonyesha kuwa jina ni changa hajaonyesha kuwa jembe ni changa. Ukisoma kwa makini, utaona kwamba utafiti wa namna hii haumnyang'anyi mkulima wa Chawia kitu; wamtafutia ushahidi ulio wa kale kuliko jina lake.

Basi, je, mwandishi alikopa kwa adabu, na alikitumia vema alichokopa? Katika hilo nampa sifa. Hakuridhika na shahidi mmoja. Alisoma karatasi za serikali na za misheni, na pia aliwasikiliza wazee. Ili ujue kwa nini jambo hili ni kubwa, chukua mfano wa Kasigau. Mwaka wa 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliishika Kasigau. Waingereza waliwashuku wenyeji kuwa walimsaidia adui, wakawahamisha mpaka Malindi. Wengi walikufa huko kwa maradhi, na waliosalia hawakurudi kwao hadi miaka ya 1930. Mtu akiwa na karatasi za serikali peke yake, atasoma habari za tuhuma. Akiwa na maneno ya wajukuu peke yake, atasikia uchungu bila ya tarehe. Akiviweka viwili hivyo mbele yake na kuvigonganisha, hapo ndipo historia inapoanza.

Sifa ya pili ni kwamba alitia wakati katika habari zetu. Kabla yake, Grace Harris, mtaalamu wa mila, alikaa Taita mapema katika miaka ya 1950, na mwaka wa 1978 kikatoka kitabu chake Casting Out Anger, juu ya dini ya kale ya Wataita. Alieleza kwa ufasaha jinsi mtu alivyofanya kutasa, yaani kutia kinywaji mdomoni, kukipuliza nje na kunena maneno ya kuitoa hasira moyoni, ili hasira hiyo isimletee jirani maradhi. Ni kitabu kizuri, nacho chastahili heshima. Lakini msomaji hutoka ndani yake akidhani kwamba mambo yalikuwa hivyo daima. Harris atuonyesha nyumba ilivyosimama siku aliyobisha hodi. Bravman atuonyesha jinsi ilivyojengwa, na nani aligombana na nani juu ya mlango uelekee wapi.

Sasa nafika kwenye lawama, na hapa yanipasa nikusimulie jambo. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, mkufunzi mmoja aliniazima nakala ya kitabu hiki. Wakati wa likizo nilikipeleka Chawia kwa mzee mmoja wa ukoo wetu, ambaye wakati huo alikuwa amepita miaka themanini. Alikuwa hajui Kiingereza. Jioni baada ya jioni tulikaa uani, nikawa namsomea kipande na kumfasiria kwa Kidawida. Sehemu nyingi aliitikia kwa kichwa. Aliniambia kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa mdogo, hakujua kuwa ni Mtaita mpaka aliposhuka kwenda kutafuta kazi na kuandikwa hivyo katika karatasi.

Tulipofika kwenye mashindano ya wazee na vijana, alicheka kwa muda mrefu.

"Mjukuu wangu," alisema, "huyo bwana aliwauliza waliokwisha kushinda."

Nikamwuliza, "Kwa vipi, babu?"

"Ugomvi ukiisha, aliyeshinda huzeeka akiwa na mifugo na watu wa kumsikiliza. Mgeni akija huelekezwa kwake. Aliyeshindwa alihama, au alinyamaza. Nani atampeleka mgeni kwa aliyenyamaza?"

Maneno hayo sikuyapata katika kitabu chochote cha chuo, na tangu siku ile sijapata kusoma historia ya wazee bila kuyakumbuka. Tazama uzito wake. Dai la Bravman ni kwamba "desturi za Wataita" ziliundwa katika mabishano. Walakini wazee waliokuwa hai katika miaka ya 1980 na kuweza kuyaeleza mabishano ya zamani, baadhi yao walikuwa washiriki wake, au watoto wa washiriki. Basi shahidi ndiye mwenye kesi. Mzee anaposema "hivi ndivyo tulivyokuwa tukifanya sisi Wataita," hatoi habari tu. Aendelea kuujenga ukuta ule ule ambao mwanahistoria amekuja kuuchunguza. Bravman alilijua tatizo la kugombania desturi, kwa kuwa ndilo somo la kitabu chake. Lakini msomaji asiye mwangalifu aweza kuzipokea sauti zote kana kwamba zina uzito mmoja. Kwa hiyo nakuonya: kila unaposoma kwamba "wazee wasema," uliza ni wazee gani, na ni nani ambaye hakuulizwa. Mjane aliyekosa shamba angesemaje? Kijana aliyekimbilia Mombasa na asirudi angesemaje?

Lawama ya pili ni juu ya mwisho wake. Kitabu chakoma mwaka wa 1950. Kila mwandishi ana haki ya kuweka mpaka, nami simlaumu kwa kuuweka. Simlaumu ila wewe msomaji ukidhani kwamba kazi ya kuunda jamii ilikoma mwaka huo. Uhuru ulikuja mwaka wa 1963. Katiba ya mwaka wa 2010 ilileta serikali za kaunti, na tangu mwaka wa 2013 tunatawaliwa na kaunti yenye majina mawili, Taita Taveta. Kistari cha kuyaunganisha majina hayo mawili hakikuchorwa na Mungu. Mtaveta na Mtaita, na mgeni aliyehamia Voi kwa biashara, wote sasa wanagawana bajeti moja na hospitali moja, na kila siku huulizana nani ni mwenyeji. Mabishano yanayosimuliwa na kitabu yangali yanaendelea, ijapokuwa washindani wamebadilika.

Lawama ya tatu ndiyo nzito, nayo ni lile deni. Wazee walitoa maneno yao kwa lugha walizozinyonya, na maneno hayo yakarudi duniani kwa Kiingereza cha chuo kikuu. Usiseme upesi kwamba sababu ni ugeni wa mwandishi. Ng'ambo ya mpaka wetu, Upareni, Isaria Kimambo alikuwa mwana wa nchi. Alikusanya masimulizi ya watu wake, akaonyesha jinsi Washana, wahunzi wa Ugweno, walivyokuwa watawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Kazi yake hiyo, iliyotoka Nairobi mwaka wa 1969, ni fahari ya Afrika Mashariki, nayo pia iko katika Kiingereza. Basi lawama hii haimwangukii mtu mmoja. Ni ya kazi nzima. Chuo kikuu humpa mwanachuoni cheo kwa kitabu kisomwacho na wanachuoni wenzake. Hakimpi hata asante kwa kitabu kisomwacho Chawia. Na pasipo mwenye mali kuweza kusoma hati ya deni lake, ataijuaje kama hesabu ni sahihi? Yule mzee alisahihisha jambo kubwa kwa jioni chache tu. Je, ni masahihisho mangapi yamezikwa kwa sababu hakuna aliyeketi uani na kufasiri?

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Katika kukopa kwa adabu na katika kukitumia alichokopa, kitabu hiki kimefaulu. Nacho ni bora kuliko vingi vilivyoandikwa juu ya watu wa milimani. Katika kulipa, deni lingalipo. Lakini mdaiwa, kwa maoni yangu, amekuwa mwingine. Mwandishi alikwisha kufanya sehemu yake. Aliyesoma Kiingereza shuleni, ambaye pia anaelewa lugha ya bibi yake, ni wewe. Hakuna mtu mwingine duniani aliyesimama mahali hapo ulipo.

Chukua basi daftari. Nenda kwa mzee, umwamkie kama ipasavyo, umwombe ruhusa kabla ya kuandika. Andika siku, mahali, na jina lake kama ameridhia. Muulize juu ya shamba, njaa, mahari na kodi, usimwulize juu ya mashujaa tu. Kisha mtafute yule ambaye hakuna amwelekezaye mgeni kwake, umwulize mambo yale yale. Ukimaliza, fanya lile ambalo watafiti wengi hawalifanyi: rudi, ukae, umsomee ulichoandika, na akisema "sivyo," usikasirike. Andika na hilo.

Nami nakiri kosa langu. Likizo ile ilikwisha kabla ya kitabu, nikarudi chuoni nikiahidi kumalizia sura mbili zilizosalia. Niliporudi Chawia, yule mzee alikuwa amekwisha kuzikwa. Sitajua angesema nini juu ya sura zile. Wewe usingoje likizo nyingine, kwani dawa ya deni ni kulipa, na mwenye kudai hapa hana siku nyingi.